Shingo Iliyokataa Sabuni

Mwalimu wa madrasa ndiye aliyeigundua shingo yangu. Wasichana wa kundi la kasida tulikuwa tumejipanga kwenye pipa la maji nyuma ya msikiti, kila mmoja ameshusha mtandio ili atie udhu, naye alikuwa akipita kuhakikisha kwamba hatumwagiani maji. Alipofika kwangu akasimama. Akainama nyuma ya kichwa changu kama mnunuzi anayekagua mchele ulionyeshewa mvua.

"Shingo hii iko nyeusi namna gani? Weye unaogaka?"

"Naoga, Mwalimu. Asubuhi na magaribi."

"Na maji inafikaka wapi?"

Wenzangu wakacheka. Nikapandisha mtandio haraka, lakini macho yalikwisha kushiba.

Kweli ilikuwa nyeusi. Ulikuwa ni mkanda mpana uliozunguka shingo kutoka sikio hadi sikio, mweusi kuliko ngozi yangu yote, mnene kidogo, na ukiupapasa ulikuwa laini kama mahameli. Kwapani nilikuwa na mwingine wa namna hiyo, ila huo niliujua peke yangu. Ulikuja polepole, bila kuwasha wala kuuma. Nyumbani aliyeuona alidhani ni kivuli cha unene, maana shingo yangu wakati ule ilikuwa na mikunjo, na mikunjo ya shingo kwetu ni pambo.

Mwalimu alitoa hukumu pale pale, mbele ya pipa. Baadaye, nilipokua na kusoma mwenyewe, nilikuta kwamba shingo haimo hata katika viungo vya faradhi vya udhu. Naye alilijua hilo kabla sijazaliwa. Lakini mtu akishapata kosa zuri haliachi kirahisi, naye alikuwa na hoja yake.

"Kama shingo, yenye kila mutu anaona, iko hivi," alisema, "kule kwenye hatuone iko namna gani? Mpaka itakate, hautaanzisha kasida."

Hapo ndipo nilipolia. Maulidi ilikuwa mbele yetu, na mimi ndiye niliyekuwa mwanzilishi, yaani yule anayepandisha sauti peke yake kwanza, kisha wengine wote wakamwitikia. Hesabu zilinikimbia, mbio zilinishinda, na wasichana wakiruka kamba mimi nilipewa kazi ya kuizungusha. Sauti ilikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho hakuna aliyekicheka. Nilitaka kusimama mbele siku ile kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani, na sasa kati yangu na mahali pale ilikuwa imekaa shingo yangu mwenyewe.

Inafaa niseme nilikuwa mtoto wa namna gani. Nilikuwa mnene, na si unene wa bahati mbaya, bali wa mpango. Baba yangu alikuwa na duka karibu na soko la Kasongo: sukari, mchele, biskuti, sabuni, maziwa ya kopo, na zile chupa za soda ambazo kwetu tunaziita sukre. Mara kwa mara alipanda pikipiki kwenda upande wa Kabambare, mpaka Wamaza, kununua dhahabu kwa wachimbaji. Aliporudi salama alinipandisha juu ya mizani ya mchele, mbele ya wateja, na mshale ulipokimbia walipiga makofi.

"Duka yangu haina kibao," aliwaambia. "Kibao yake njo huyu."

Basi kibao kililishwa. Asubuhi chai ambayo kijiko kilisita kuzama ndani yake kwa sukari, na maandazi. Saa nne biskuti. Mchana wali na sombe, yaani majani ya muhogo, na samaki wa Lualaba, halafu wali tena kwa sababu wa kwanza ulikuwa mtamu. Kiu ikinishika, sukre. Maji yalikuwa ya kuogea. Shule ilikuwa karibu kiasi kwamba mwalimu mkuu akipiga chafya tulimwitikia nyumbani, lakini baba alinitafutia pikipiki ya kunipeleka na kunirudisha, kwa sababu mtoto wa mwenye duka akionekana anatembea kwa miguu watu wataanza kuuliza maswali. Mama alijaribu kusema neno mara moja mbili. Aliambiwa kwamba wanawake wengine wanaomba mume wa kulisha watoto.

Habari za pipa la udhu zilipofika nyumbani, aliyezipokea ni shangazi, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mjane, aliishi nasi, na kila nyumba ina jeshi lake na jemadari wake; wetu alikuwa yeye.

"Aibu!" alisema. "Mutoto wa nyumba ya kiislamu, nyumba ya tangu mababu, anaambiwa muchafu mbele ya watu! Leta maji."

Vita ikaanza jioni ile ile. Aliniketisha kwenye kigoda uani, akaifunga kanga yake kiunoni, akaja na dodoki na sabuni ya mawese. Alisugua mpaka povu likawa jekundu kidogo. Shingo ikabaki vile vile. Kesho yake akaja na ndimu. Kesho kutwa majivu. Jirani mmoja alishauri gunzi la mahindi. Jirani mwingine akasema gunzi ni la mashambani, watu wa mjini wanatumia mchanga wa mto, tena si wa mto wowote, bali mchanga wa Lualaba wa kule Nyangwe, ulio mdogo kama unga. Ukaagizwa Nyangwe. Ulikuja katika ndoo ya mama mmoja muuza samaki, ukinuka samaki, na ulipomaliza kazi yake shingo yangu ilikuwa nyeusi vile vile na inanuka.

"Usafi ni nusu ya imani," shangazi aliniambia nilipopiga kelele. Nusu ya pili, kwa nilivyoelewa, ilikuwa ni kunyamaza.

Kisha shangazi akaipiga shingo picha. Alikuwa katika kundi la simu la akina mama wa mtaa, ambako kwa kawaida walitumiana dua, bei za mafuta, na video za watoto wanaocheza. Aliituma shingo yangu pamoja na ombi la ushauri. Kila mama akaituma kwa dada yake, na kila dada kwa wifi yake, mpaka baba aliporudi kutoka safari ya Wamaza akatuambia kwamba kule aliulizwa kama mtoto amepona. Shingo yangu ilikuwa imefika Kabambare bila mimi.

Ushauri ulikuja kwa wingi. Huyu alisema ni kijicho, kwa sababu ya mizani. Yule alisema ni moshi wa dhahabu, baba anauleta kwenye nguo. Mama mmoja, mke wa mchimbaji aliyetoka mbali huko mashariki, alituuzia pomada katika kopo lisilo na maandishi, akaapa kwamba inaondoa weusi wa aina yoyote. Hiyo ilifanya kazi. Ilichoma. Usiku na mchana nilihisi kama nimevaa mkufu uliotoka jikoni, na ngozi ilipoanza kuchubuka shangazi alifurahi, akasema uchafu unakubali.

Haukukubali. Ngozi mpya ilipotokea ilikuwa nene zaidi na nyeusi zaidi, kama inayosema mmeona nini bado. Mama alisubiri shangazi aende kuswali, halafu alinipaka mafuta ya mawese kwa ncha ya kidole, bila kusema kitu. Nilimchukia kidogo kwa kutosema kitu. Nilikuwa sijui bado kwamba alikuwa anapanga.

Mwishowe kidonda kikaoza. Upande wa kushoto, pale pomada ilipokutana na mchanga, palifanya usaha, nikapata homa. Shangazi alikuwa ameshaanza kuulizia ndimu nyingine. Mama akavaa viatu, akanishika mkono, akasema tunaenda hospitali. Hakusema "naomba tuende." Shangazi alibaki mlangoni na dodoki mkononi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, si mwenyeji wa kwetu, na macho yake yalikuwa yamechoka. Alinitazama kidonda, akakisafisha, kisha akamgeukia mama.

"Mama, nani alimuchuna mutoto ngozi?"

"Tulikuwa tunamusafisha, Dokta."

"Mulikuwa munasafisha nini?"

Mama akaonyesha weusi. Daktari akaupapasa taratibu, akaninyanyua mkono, akatazama kwapani. Aliona ule mkanda wangu wa siri bila hata kuutafuta, kama mtu aliyeambiwa mapema kwamba upo.

"Hii haiko uchafu," alisema. "Musikilize muzuri. Mwili unajitengenezea dawa yake, jina yake insulini. Njo inafungulia sukari mulango, itoke kwenye damu, iingie kwenye nyama ya mwili, ifanye kazi. Kwa huyu mutoto mulango umekuwa muzito. Insulini inagonga, mulango haufunguke muzuri. Basi mwili unatuma ingine, na ingine tena. Ile nyingi inazunguka ndani ya damu, na ngozi ya shingo na ya kwapa ikiipata inaota, inakuwa nene, inakuwa nyeusi. Hata musugue na jiwe. Iko inatoka ndani."

Nakumbuka nilivyofurahi. Nilikuwa mgonjwa! Sikuwa mchafu! Nadhani hakuna mtoto aliyewahi kupokea ugonjwa kwa shangwe kama ile.

Akanichoma kidole, tone la damu likaingia kwenye mashine ndogo. Akaiangalia, akaagiza niletwe tena asubuhi kabla sijala, na asubuhi akanichoma tena. Ndipo akasema kwamba bado haijawa kisukari, lakini iko njiani, na haiji kwa miguu. Sukre niache kabisa. Sukari ya chai na biskuti vipunguzwe. Niende shule kwa miguu, nicheze, niruke, nisikae juu ya kigoda. Uzito ukipungua polepole, mlango utalainika, na weusi nao utapungua polepole, labda usiishe wote. Na mtu asinisugue tena.

"Sasa," alisema, "katika nyumba, nani mwengine iko na shingo ya hivi?"

Mama akatazama dirisha. Nje ya dirisha hapakuwa na kitu isipokuwa ukuta. Mke wa kwetu hamtaji mume wake mbele ya wageni hata akiwa na sifa njema, sembuse shingo.

"Baba," nikasema mimi.

Nilijua kwa sababu wakati mmoja wa likizo alinichukua Wamaza. Njia nzima nilikaa nyuma yake kwenye pikipiki, pua yangu ikiwa karibu na mgongo wake. Baba hakutoka nyumbani bila shali. Aliizungusha shingoni juu ya kanzu, hata jua likiwaka, na watu walisema ni heshima. Lakini upepo wa pikipiki hauheshimu mtu. Shali ilipopeperuka niliona mkanda ule ule, mweusi na mnene kuliko wangu, na juu yake vinyama vidogo vidogo vya ngozi vinavyoning'inia kama mbegu. Sikushangaa. Niliona raha. Nilidhani ni kitu cha ukoo, kama pua yetu.

Daktari akamuuliza mama kama mume wake anakunywa maji mengi, na kama anatoka kwenda chooni mara kwa mara. Mama akajibu "njo", yaani ndiyo, kwa sauti ndogo, mara mbili.

"Basi aje. Leo, kama anaweza."

Hakuweza. Tulimkuta dukani, chupa ya sukre mkononi, amezungukwa na wateja wake. Mama alimvuta nyuma, kwenye mifuko, akamweleza. Sehemu yangu aliisikiliza akitabasamu.

"Dokta anataka mutoto akonde, watu waseme duka imekufa. Nani alimulipa?"

Sehemu yake mwenyewe ilipofika, aliacha kutabasamu, akavuta shali juu zaidi.

"Mimi siko mugonjwa. Na usirudilie hii maneno. Kule Wamaza wakisikia kama niko mugonjwa, nani atanichungia dhahabu yake? Watasema, huyu kesho anakufa, tutafute mwengine."

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Baba aliliona lake, tena vizuri sana, miaka mingi. Shali haikujifunga yenyewe. Na walisema pia mficha maradhi kifo humuumbua, lakini msemo huo kwetu husemwa msibani tu, wakati aliyefaa kuusikia ameshalazwa kaburini. Niliogopa. Kila nilipomwona akinyanyua chupa niliona mlango ule mzito wa daktari, na sukari imesongamana nje, na baba yangu ndani anajidai hasikii kugonga.

Nilimuuliza shangazi kwa nini baba hasuguliwi. Alinitazama kama nimeuliza kwa nini imamu hachapwi fimbo.

"Mutu mukubwa haiko na uchafu," alisema. "Iko na kazi mingi."

Ila kwa upande wangu mama alishinda. Sijui alisema nini na baba siku ile, lakini mwenye pikipiki hakuja tena, nikaanza kwenda shule kwa miguu, mama akinisindikiza mpaka kona. Chai yangu ikaja bila sukari, na nilipoionja mara ya kwanza nilidhani kuna mtu amekufa. Nilikasirika wiki nzima. Nilikuwa na njaa ya vitu ambavyo mlango wa duka la baba yangu ulivitandaza mbele yangu kila siku. Shangazi alizunguka akiniombolezea: mtoto ananyimwa sukari na mifuko imejaa mpaka darini!

Kilichobaki kilikuwa Mwalimu. Mama alikwenda kwake mwenyewe, akamweleza kuhusu insulini na mlango na ngozi. Alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mama, mimi siko dokta," alisema. "Lakini kama ni kitu ya damu, basi iko ya ukoo. Munionyeshe mwengine mwenye anayo, hata mumoja. Kama iko kwake yee peke yake, iko uchafu."

Mama aliniambia kwamba alirudi njia nzima akiwa na jibu mdomoni. Jibu lilikuwa na kanzu nyeupe na duka. Usiku alimwomba baba aende kwa Mwalimu, amfunulie shingo, wawili tu, faraghani, jambo la dakika. Nilisikia kutoka chumbani kwangu.

Alikwenda. Siku mbili baadaye alikwenda, na nilikaa mlangoni nikimsubiri. Nilimwona akirudi, shali ikiwa mahali pake, haijaguswa. Nyuma yake alikuwa mtu wa mkokoteni, na mkokoteni ulikuwa mtupu. Ulipoondoka dukani ulikuwa na mfuko mzima wa sukari, wa chai ya Maulidi.

Penye udhia penyeza rupia, wanasema watu wa pwani. Sisi wa Kasongo tunapenyeza sukari. Siku iliyofuata, kwenye pipa la udhu, Mwalimu aliniita, akaniambia nishushe mtandio. Alitazama shingo iliyokuwa na kovu upande mmoja na nyeusi pande zote.

"Alhamdulillahi," alisema kwa sauti ya kusikika. "Imetakata. Utaanzisha."

Kwa hiyo nilipata nilichokitaka. Sukari iliyoniletea weusi ndiyo iliyonitakasa, na mtu pekee aliyeona ajabu katika jambo hilo alikuwa mtoto. Lakini Mwalimu anaweza kununuliwa macho yake. Wasichana wa kundi la kasida hakuna aliyewanunua. Wao waliiona shingo ile ile ya jana. Yule aliyezoea kusimama kulia kwangu alihamia mwisho wa mstari. Wa kushoto alisogea kidogo kila siku, mpaka nafasi kati yetu ikatosha mtu kupita na beseni. Kopo nililochotea maji hakuna aliyelishika tena. Nikasema kwamba si uchafu, ni ugonjwa, na hapo wakasogea zaidi, kwa sababu ugonjwa unaambukiza. Nikasema huu hauambukizi. Wakaniuliza nimejuaje, nani mwingine anao? Nikanyamaza, kwa ajili ya dhahabu ya Wamaza.

Siku ya Maulidi uwanja wa msikiti ulijaa. Wazee walikaa mbele kwenye mikeka, na baba katikati yao, kwa sababu chai yote iliyokuwa ikipita ilikuwa na sukari yake, na kila aliyepokea glasi alimtupia neno la shukrani. Alikuwa amekonda usoni. Nililiona hilo kutoka mbali, na niliona glasi yake mwenyewe ikijazwa, ikiisha, ikijazwa tena. Aliondoka mara kadhaa kuelekea nyuma, akarudi akijifuta jasho. Hakuna aliyemwangalia isipokuwa mimi, na mama upande wa wanawake.

Tukasimama kwenye mstari wetu, nguo nyeupe, mitandio ya kijani. Mimi katikati. Kulia kwangu pengo, kushoto kwangu pengo, kama jino lililosalia peke yake. Uwanja mzima uliona. Watu wakaanza kunong'ona, na kwa kuwa nusu yao walikuwa na picha ya shingo yangu kwenye simu, hawakuhitaji kuelezwa. Mwalimu akawaashiria wasichana wasogeane. Hawakusogea. Akaashiria tena, wakatazama chini. Basi akafanya lililo rahisi: akanijia mimi.

"Mama," aliniambia kwa upole, kama kwetu mtoto wa kike anavyoitwa, "rudi nyuma kidogo, musitari unyooke. Leo mwengine ataanzisha."

Nilikuwa nimeshapiga hatua ya kwanza nyuma nilipomwona baba amesimama. Alikuja na glasi yake mkononi, nadhani alisahau kuiweka. Alipofika mbele ya Mwalimu akaivua shali, akaitupa begani, akainamisha kichwa kama mtu aliyekaa kwa kinyozi. Akageuka polepole ili wazee kwenye mikeka waone, halafu wasichana.

"Muangalie muzuri," alisema. "Hii ya mutoto ameitoa kwangu. Iko ugonjwa wa sukari, mimi ninayo, nimeificha. Na kama iko uchafu, basi mimi njo muchafu wa kwanza, na hii chai munakunywa iko ya muchafu."

Wazee wa Kasongo walikuwa na glasi mikononi, nyingine zimefika mdomoni. Nami nakumbuka vizuri sana: hakuna hata mmoja aliyeiweka chini.

"Tuendelee," alisema Mwalimu, akikohoa.

Jumatatu baba alikwenda hospitali, na mashine ndogo ilipiga namba ambayo daktari aliisoma mara mbili kabla ya kumwambia akae. Ana vidonge vyake mpaka leo, na wachimbaji wa Wamaza bado wanamwekea dhahabu. Nusu yao, ilionekana, nao walikuwa na shali zao za kufichia. Lakini hayo yalikuja baadaye. Pale uwanjani alikuwa tu baba yangu, shingo wazi juani, na yule msichana wa kulia akasogea akaja mahali pake, bega lake likagusa langu.

Nilimpenda baba wakati ule mpaka kifua kiliniuma. Na nilimkasirikia vile vile, kwa nguvu ile ile, kwa sababu nilikuwa nimeona muda uliomchukua. Ulikuwa muda wa kumeza funda la chai. Kwa kuukosa muda huo mimi nilikuwa nimechunwa ngozi.

Mwalimu akaniinulia kidole, nikaanzisha. Sauti ilitoka na hasira yote ndani yake, ikapanda juu ya uwanja, na watu mpaka leo wananiambia kwamba sikuwahi kuimba vizuri kama siku ile.